Wimbo Niliokuwa Nikiuzima

Lornah, hii ni sauti ya Baba Metrine. Ndiyo, mimi Laban Wakoli, mwenye kibanda cha kurekodi kaseti hapa soko la Kibuye, yule uliyemtembelea Jumapili pamoja na nyanya yako Perez, ukiwa umebeba redio kaseti iliyofungwa kwa leso kama mtoto mgonjwa. Kaa chini kwanza. Ukimaliza kunisikia utataka kunitukana, na sitakukataza, lakini sikia mpaka mwisho. Kusikia mpaka mwisho ndiyo kazi iliyonishinda mimi maisha yangu yote.

Jumapili nilikuambia kaseti aliyokuachia baba yako ililiwa na mashine. Nikakuonyesha hata kwa vidole vile utepe unavyojikunja. Uongo mtupu. Mashine zangu hazili kaseti, uliza mtu yeyote hapa sokoni. Ni mimi niliyeifuta sauti ya baba yako, kwa mkono huu wa kulia, na nimekaa na jambo hilo miaka saba nikinywa chai na kusalimia watu kama mtu mwema.

Ulikuwa na miaka mitano alipokufa, na najua humkumbuki sana. Acha nianze na yeye.

Dishon Ogola alikuja kwangu mwaka wa themanini na nne. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo, anakaa Manyatta na mama yako Seline, na wewe ulikuwa bado hujafikiriwa. Aliingia na boksi kichwani. Ndani mlikuwa na santuri kumi na mbili alizoachiwa na mwalimu mzungu wa fizikia, kwenye shule moja huko ndani Seme ambako Dishon aliwahi kutunza maabara. Mwalimu amerudi kwao, boksi limebaki kwenye stoo, mchwa wamekula makaratasi yote. Hata yale majina ya katikati ya santuri yalikuwa yametafunwa na unyevu. Hatukujua nani anaimba wala wimbo unaitwaje. Basi Dishon akazipa majina yake mwenyewe.

Alikuja kwangu kwa sababu nilikuwa na mashine ya kuchezea santuri. Mimi duka langu ni benga, rumba na kwaya, vitu vya watu wenye akili timamu. Akaweka ya kwanza. Wallahi nilifikiri sindano imevunjika. Nikainuka kuangalia, akanishika mkono.

"Wakoli, omera, ndugu yangu, hiyo ndiyo inaitwa panki."

"Na huyo anayelia ameibiwa nini?"

"Haulizwi ameibiwa nini. Amekasirika tu. Wewe hukasiriki?"

Nilimwambia mimi nakasirika kila siku lakini sitengenezi santuri. Akacheka mpaka akakohoa. Hivyo ndivyo tulivyojuana, na tangu siku hiyo alinisumbua kila Jumamosi kwa miaka saba. Kiwanda kikifungwa saa saba mchana, saa saba na nusu yuko mlangoni kwangu na santuri kwapani.

Alikuwa na aina mbili. Panki, aliniambia, ni ile ya hasira: magitaa yanakimbizana, ngoma inakimbia kama imeiba kuku, na dakika mbili wimbo umekwisha kabla hujajua umeanza. Ska ni ile ya tarumbeta. Huko gitaa halipigi pale mguu unapokanyaga, linapiga pale mguu umeinuka, ndiyo maana huwezi kutulia, mguu unabaki unatafuta pa kukanyaga. Alinieleza hayo mara mia. Nami mara mia nilimwambia, sawa Baba Lornah, sasa toa hiyo kitu niwekee wateja wangu muziki.

Lakini Dishon hakuwa mtu wa kupenda kitu peke yake. Alizitangaza nyimbo zile kama mhubiri wa sokoni. Alimtangazia mama Dorca anayekaanga samaki hapa pembeni. Alimtangazia mchungaji aliyekuja kurekodi kwaya. Mchungaji wa watu! Alimkalisha kwenye stuli akamwambia, "Baba, sikiliza huyu kijana, anaimba vibaya na anajua anaimba vibaya, na bado anaimba. Hiyo si imani?" Mchungaji aliondoka na kaseti yake kabla haijakamilika.

Na kila wimbo aliupa kazi yake, kama dawa. Jumapili uliniuliza, "Baba Metrine, niambie mmoja tu, ni upi alisema nisikilize kwanza?" Nami nikasema, "Wote." Uliinamisha kichwa kama mtu mzima aliyenyimwa kitu kwa adabu. Mwanangu, jibu lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki ngege. Mtu alinitangazia nyimbo miaka saba, na mtoto wake akaniuliza moja tu, nikakosa.

Tangu juzi nimekaa nikijilazimisha kukumbuka. Niliyonayo ndiyo haya. Yachukue.

Kuna mmoja aliuita Mwenye Nyumba. Ni panki. Huo ni wa siku umeonewa na mkubwa wako. Alisema, "Mtu akikuonea usimjibu. Nenda nyumbani, ucheze huu mara tatu. Mara ya kwanza utalia, ya pili utapiga meza, ya tatu utakuta unacheka." Alikuja kuucheza hapa siku msimamizi wake alipomwita mwizi wa uzi mbele ya watu. Aliucheza mara saba. Sikumzuia siku hiyo, hilo namshukuru Mungu.

Kuna Mkokoteni. Ska hiyo, ya kufulia mablanketi. Alisema asiyeweza kufua blanketi kwa Mkokoteni basi alale bila blanketi. Mama Dorca aliposikia ule alitoka nje na karai la samaki mkononi, akacheza mpaka mafuta yakamwagika, na hakujali. Mpaka leo huniuliza, "Baba Metrine, ule wa mkokoteni uko wapi?" Huanza na mtu anapiga mluzi. Usikose ule mluzi, baba yako aliurudia njia nzima akienda Manyatta.

Kuna Jirani Amehama. Huo ni polepole kidogo, usikilize mvua ikinyesha kwenye mabati, maana mvua inaingia pale ngoma inapopungua, kana kwamba walipanga. Na kuna ule mfupi kabisa, sekunde hamsini, aliouita Hapana. Neno moja tu wanalisema. Alisema, "Huu kila msichana apewe akizaliwa." Ulikuwa umezaliwa wiki ile.

Hizo ndizo nne. Nilisikia labda mia na zaidi, nimebaki na nne. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo wazee walivyosema, na sikio lenyewe ni hili langu.

Na kulikuwa na mmoja niliochukia kuliko yote. Unaanza na tarumbeta moja, peke yake, ndefu, kama mtu anaita mwenzake ng'ambo ya maji na mwenzake hajibu. Dishon aliuweka mwisho siku zote. Saa hiyo wateja wangu wa jioni wanaanza kuingia, na tarumbeta ile inawarudisha mlangoni. Basi nilikuwa nikiisikia inaanza, nainuka, nazima. Kila Jumamosi. Yeye anasema, "Wakoli, subiri, bado hujafika." Mimi nazima. Ikawa mchezo wetu.

Mwaka wa tisini alianza kukonda. Nyumbani Seme walisema ni chira, laana ya aliyevunja mwiko fulani. Mjini walisema mambo mengine wakishusha sauti. Yeye mwenyewe hakuniambia. Kiwandani wakamwambia apumzike. Januari ya tisini na moja akaja Jumamosi moja, amevaa koti kwenye jua la Kisumu, akaniomba maikrofoni na kaseti mpya ya dakika sitini.

"Toka nje," akaniambia. "Haya si yako, ni ya Lornah."

Nilikaa nje na mama Dorca Jumamosi tatu mfululizo nikigombana na nzi. Nilisikia wimbo ukianza, halafu kimya, halafu sauti yake, halafu wimbo mwingine. Maneno sikuyasikia. Alikuwa anakuwekea nyimbo na kukueleza kila moja ni ya nini. Siku ya tatu alinikabidhi. Alikuwa amevunja vile vimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, kwa kijiti cha kiberiti, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Jina hakuandika.

"Mpe akifika miaka kumi na mbili," alisema. "Kabla ya hapo atafikiri ni kelele, kama wewe."

Nikamuuliza kwa nini asimpe Seline. Akasema nyumbani kaseti haina mwenyewe. Mgeni anakuja, anaazima, anarekodi mahubiri. "Kwako ndiko salama. Wewe ndiye mtu wa kaseti." Hayo ndiyo maneno yake, Lornah, sikuongeza hata moja.

Alilala Kombewa hospitalini wiki mbili, akafa siku ya Alhamisi.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penyewe. Unajua sisi tukizika, ndugu aliye mbali hurekodiwa kila kitu: hotuba, nyimbo, kilio, mpaka udongo. Baba yako mkubwa Opiyo alikuwa baharini kwenye meli, asingefika. Babu yako, Mzee Amolo, alinishika bega akaniambia, "Wakoli, wewe ndiye fundi. Opiyo asikie tulivyomzika ndugu yake." Nikaja Seme na mashine na kaseti mbili mpya. Na ndani ya koti nilikuwa na ile ya baba yako. Nilikuwa nimeibeba nimwonyeshe mama yako kwamba ipo, apate moyo kidogo.

Hotuba zilikuwa ndefu. Unawajua watu wetu wakipata kipaza sauti. Kaseti ya kwanza ikaisha mwenyekiti wa ukoo bado anasalimia. Ya pili ikaisha jeneza linainuliwa. Mzee Amolo akaniangalia na kunionyesha kwa mkono: endelea. Seline alikuwa anamwita baba yako kwa jina. Mimi machozi yamenijaa, sioni mbele. Nikatia mkono kwenye koti, nikatoa kaseti, kidole kikapapasa mgongo wake, kikakuta vimeno havipo.

Mtu mwingine yeyote pale angesimama. Angeiweka kwenye mashine, kitufe kingekataa kushuka, angejiuliza kwa nini. Lakini mimi ni mtu wa kaseti. Kidole changu kikikuta shimo, kinajua kazi. Miaka kumi na tano nimeziba mashimo yale ili kaseti kuukuu zirekodiwe upya. Selotepu iko mfukoni siku zote. Nilikata vipande viwili kwa meno, nikaziba mashimo yote mawili, nikaitia, nikabonyeza. Hata akili haikuulizwa. Upande wa kwanza ulipoisha, niligeuza wa pili.

Nilirekodi mazishi ya baba yako juu ya sauti ya baba yako.

Nilijua nilipofika nyumbani na kuweka vitu mezani. Kaseti tatu, na mfuko wa koti mtupu. Mke wangu aliniuliza ni nini, nikamwambia ni majonzi. Kesho yake nilimpelekea Mzee Amolo zile mbili, nikasema betri zilikufa kaburini, ya tatu haipo. Huo ni uongo wa kwanza. Wa pili nilimwambia mama yako kila alipopita sokoni. "Iko salama, Baba Metrine?" "Iko salama, Mama Lornah." Seline naye alikufa miaka mitatu baadaye, akijua iko salama. Huo ndio unaoniuma kuliko wako, nisamehe kusema hivyo. Wewe naweza kukuambia ukweli. Yeye nitamwambia wapi?

Kaseti ile niliifunga kwenye gazeti nikaiweka chini ya boksi la santuri. Sikuisikiliza hata siku moja. Niliogopa kusikia udongo.

Halafu Jumapili ukaja. Una miaka kumi na mbili, una kipaji cha uso kama chake, na umenunua betri zako mpya. Ulipokwenda zako nilimtukana mteja wa kwanza aliyeingia, mtu wa watu, alitaka kwaya tu. Jana asubuhi sikufungua duka. Nikajifungia, nikaitoa kaseti, nikajiambia, Laban, leo utasikia ulichofanya.

Nikasikia yote. Nilimsikia mama yako. Nilijisikia mwenyewe nikipenga kamasi karibu na maikrofoni kama ng'ombe. Nikasikia sepetu na udongo, na kina mama wakiimba. Nikageuza upande wa pili. Wanaendelea kuimba, mchungaji anaomba, watu wanaitwa kwenda kula. Halafu likasikika tak, pale nilipobonyeza kuzima kaburini. Nikanyoosha mkono nizime mashine. Miaka yote hii mkono wangu haujajifunza kitu.

Kabla sijafika, Dishon akaongea.

Kumbe mazishi hayakufika mwisho wa utepe. Zilibaki dakika mbili. Nitakusomea maneno yake, nimeyaandika neno kwa neno, na nimeyarudia mpaka Dorca akagonga ukuta kuuliza kama niko mzima. Anaanzia katikati, anahema kidogo. Anasema hivi:

"...ndiyo maana nauweka mwisho. Huu hauna kazi, mama. Zile zingine nimekuambia ni za kufua, za mvua, za kukasirika. Huu ni wa kusikiliza tu. Baba Metrine atakuambia ni kelele. Usimwamini, hajawahi kuusikia hadi mwisho hata mara moja. Kuna tarumbeta inaita, na kila mtu hudhani haijibiwi. Inajibiwa. Lakini lazima usubiri. Usikilize pamoja naye. Ameniwekea muziki wangu miaka saba na hata haupendi, hakuna rafiki kama huyo. Mwambie asimame, na mwambie asizime."

Kisha sindano inashuka, unasikia ile mikwaruzo, na tarumbeta inaanza, moja, peke yake. Na utepe unaisha. Alipima vibaya. Baba yako hakuwa fundi wa kaseti.

Nimelia, Lornah. Mtu mzima na mvi zangu, nimekaa chini kwenye saruji ya duka nikalia.

Boksi lake liko hapa. Santuri zote kumi na mbili ninazo, hakuna iliyopotea, hilo angalau nililitunza. Upande wa pili wa kaseti hii nimekurekodia nyimbo zake zote ninazozikumbuka, Mwenye Nyumba, Mkokoteni, Hapana, zote, ila mmoja. Maneno yake ya mbele ya kila wimbo sina, na sikuweka yangu mahali pake. Pale ningeweza kuongea nimeacha kimya. Kaseti yake mwenyewe situmi kwa mtu. Nimebandua ile selotepu, ilikuwa imekauka, imetoka na vumbi la Seme. Mashimo yako wazi. Utaichukua kwa mkono wako.

Na ule wa mwisho, jana niliutafuta. Ni santuri ya tisa, upande wa pili, wimbo wa tano. Niliuweka kwenye mashine, nikashika sindano, nikataka sana kujua tarumbeta inajibiwaje. Kisha nikairudisha sindano mahali pake. Alisema pamoja.

Kaseti hii nampa mama Dorca, anakwenda Kombewa kesho kununua samaki wakavu, atampa nyanya yako huko. Wewe njoo Jumapili. Unitukane kwanza, ni haki yako, na usiharakishe. Ukimaliza, mlango tutafunga, wateja watasubiri, na nitaweka santuri ya tisa. Utanikuta nimesimama, na mikono nitaiweka nyuma.